Nasaha kwa Muuguzi wa Zahanati ya Mbali

Muuguzi akipangiwa kazi katika zahanati za upande wa Kona Baridi, pale barabara ya Magadi inapoipa kisogo Milima ya Ngong na kuanza kuteremkia Bonde la Ufa, aghalabu huwaza kwanza juu ya nyumba atakayolala, maji atakayokunywa, na mshahara kama utafika kwa wakati; na mawazo hayo ni halali, wala siyabezi. Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: huko aendako, umbali ni maradhi ya kwanza ya kila mgonjwa atakayemwona, na asiyejifunza kuutibu umbali atashindwa na maradhi mengine hata kama kabati lake limejaa dawa.

Katika daraja za huduma za afya nchini Kenya zahanati huhesabiwa kuwa ngazi ya pili, juu ya huduma za majumbani na chini ya kituo cha afya, na mara nyingi mlangoni mwake hamna daktari wala afisa wa kliniki. Yumo muuguzi, pengine wawili, na hao ndio wapimao, waandikao dawa, wazalishao, wachanjao, wahesabuo vidonge stoo, na waketio usiku kuandika ripoti ya mwisho wa mwezi. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, muuguzi Loretta Ford, aliyekuwa amewatumikia watu wa mashambani, alishirikiana na daktari wa watoto Henry Silver kuanzisha mafunzo ya kumpa muuguzi elimu na idhini ya kupima na kutibu pasipo kumngoja daktari, na jambo hilo lilionekana huko kuwa jipya mno. Muuguzi wa zahanati zetu yeye aliachiwa kazi hiyo na haja yenyewe, bila ya cheo wala nyongeza ya mshahara. Kwa hiyo usiingie kazini kwa unyonge wa mtu aliyeshika nafasi ya mwingine. Ujuzi wa nafasi hiyo utafute, mipaka yake ijue, na miongozo ya Wizara ya Afya iweke mezani mahali mkono unapofika, kwani mgonjwa akimwona muuguzi wake akifungua kitabu hamdharau, bali hupata yakini kwamba hatibiwi kwa kukisia.

Mjini uamuzi una nafasi ya kungoja. Mwanamke mwenye mimba akionekana na presha ya 140 juu ya 90 katika hospitali kubwa, anaweza kulazwa kwenye benchi, akapimwa tena baada ya saa nne, mkojo wake ukapelekwa maabara, na wakubwa wakashauriana. Mwanamke huyo huyo akitoka Oltepesi na kukupandia wewe mteremko wote ule, kumwambia arudi kesho ni kumwambia asirudi. Basi palepale alipo, mruhusu apumzike, mpime mara ya pili, utumbukize kijiti katika mkojo wake uone kama kuna protini, umuulize kama kichwa kinamgonga, kama macho yanaona ukungu, kama chembe cha moyo kinamuuma. Na majibu yakiwa mabaya, safari yake ya hospitali ianze siku hiyo, hata kama yeye mwenyewe anajiona mzima na ana mbuzi wa kufungulia jioni. Dalili zikiwa kali, dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti hutolewa kabla ya gari kuondoka, kwa sababu kifafa cha mimba hakina adabu ya kungoja mgonjwa afike Ngong au Kajiado. Mashambani, uamuzi huchukuliwa mapema kuliko mjini, na atakayekulaumu kwa kumpeleka mgonjwa ambaye baadaye alionekana hana neno, mjibu kwa upole, kisha siku nyingine ufanye vivyo hivyo.

Na katika uzazi, jambo la kuogopwa zaidi ni damu. Serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma tarehe 1 Juni 2013, na akina mama wengi waliokuwa wakizalia nyumbani wakaja. Lakini mama aliyekuja kwako amekuja kwa sababu anaamini kwamba unacho kitu ambacho mkunga wa boma lake hana. Kitu hicho ni sindano ya oksitosini, uniti 10, ichomwayo mara mtoto azaliwapo, nayo ni dawa ipendayo baridi, ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa dirishani juani, utachoma maji. Pia jicho hudanganya katika kukadiria damu, hata jicho la mzoefu, hasa taa ikiwa hafifu na shuka zikiwa zimelowa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba damu ikikingwa kwa mfuko wenye alama za vipimo, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara hatari inapoonekana, matukio mabaya ya kutokwa damu hupungua kwa asilimia 60. Mifuko hiyo ikiwa haijakufikia, iombe kwa maandishi. Na hadi ifike, pima kwa chombo unachojua ujazo wake, na nusu lita iwe ndiyo kengele yako. Kanda tumbo la uzazi, weka dripu, chunguza kondo la nyuma kama limetoka zima, chunguza kama pana mchaniko, na wakati mikono yako inafanya hayo, mwingine awe anapiga simu.

Kuhusu chanjo nina neno refu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nimeona wauguzi wema wakiwafukuza watoto kwa nia njema. Friji ya chanjo husomwa kipimajoto chake asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, na kusomwa kwenyewe ni kusoma kweli, si kujaza karatasi ya wiki nzima siku ya Ijumaa. Upepo wa Kona Baridi wa mwezi wa Julai huwapumbaza watu wakadhani kwamba huku chanjo haziwezi kuharibika. Walakini chanjo ya pentavalenti huuawa na barafu upesi kuliko inavyouawa na joto, na kichupa kilichogusana na ukuta wa friji kikaganda, hata kiyeyuke kikarudia sura yake, hakina tena manufaa. Kwa mashaka ya namna hiyo uko mtihani wa kutikisa, nao ujifunze kwa mwenzako kabla haujakufika.

Sasa fikiri mama mmoja amekuja siku ya Jumatano, mtoto wa miezi tisa mgongoni, miguu ya wote wawili imefunikwa na vumbi jeupe hadi magotini, naye ataka chanjo ya surua na rubella. Kichupa kina dozi 10, na kikishachanganywa maji yake, baada ya saa 6 hutupwa. Muuguzi aliyefundishwa kubana matumizi humtazama mama yule, hukitazama kichupa, kisha humwambia arudi siku ya kliniki wakikusanyika wengine. Mimi nasema, na Shirika la Afya Duniani nalo lasema hivyo hivyo: fungua. Dozi tisa zikimwagika, hesabu yake itaandikwa na kaunti italeta nyingine, lakini mama aliyerudishwa mara moja huwapasha habari jirani zake, na mwezi ujao utangoja watoto wasiotokea. Tena saa 6 hizo si kidogo. Mchanje mtoto, kisha wapigie simu wahamasishaji wa afya ya jamii wa vijiji vya karibu, uwaambie kichupa kiko wazi hadi saa fulani. Bodaboda mbili tatu zinaweza kuleta watoto waliopitwa na tarehe zao kabla muda haujaisha. Muuguzi mwenye daftari la watoto waliokosa hupata kazi ya kuifanya saa ile ile.

Mtoto mwenye kikohozi yampasa apate dakika yako moja kamili, na dakika hiyo nitaieleza, kwa sababu wengi huifupisha. Bibi ameketi, amempakata mjukuu wa miezi minane. Usianze kwa kumgusa mtoto kwa chuma baridi, kwani akilia, hesabu imekwisha. Mwamkie bibi kwanza kwa Kimaasai, “Takwenya,” naye atakuitikia, “Iko”. Mwite koko, yaani bibi, umwombe apandishe shati la mtoto taratibu, naye aendelee kumbembeleza. Tazama kifua kinavyopanda, shika saa, uhesabu dakika nzima, wala usihesabu nusu ukazidisha, maana pumzi za watoto hazina mpangilio. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia mwaka hadi miaka 5 ni 40. Na kitoto cha chini ya miezi 2 ni 60, na huyo haachwi arudi nyumbani. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, apewe dozi ya kwanza ya dawa mbele yako, na rufaa ifuate. Wengine watatibika kwa vidonge vya amoksilini vya kuyeyushwa katika maji, na dozi ya kwanza ayeyushe bibi mwenyewe kwa mikono yake huku ukitazama, maana maelezo yaliyosikiwa kwa sikio hupotea njiani. Kisha umwombe bibi kwamba mtoto alazwe mbali na meko, kwa kuwa nyumba ya boma ina tundu dogo la moshi na mtoto mdogo ndiye aliye karibu zaidi na moto.

Homa nazo zina udanganyifu wake. Nyanda hizi za juu hazina malaria nyingi, na kila homa isipewe jina hilo bila kipimo. Mchungaji mwenye homa za kuja na kwenda, viungo vinavyouma na jasho la usiku, muulize juu ya maziwa mabichi, na juu ya ng'ombe walioharibu mimba, na kama aliwazalisha kwa mikono mitupu, kwani huenda ni bruselosi, nayo hutibiwa kwa dawa mbili kwa muda wa wiki 6. Hata hivyo, kipimo cha haraka cha damu kilichozoeleka katika vituo vyetu kisikutawale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vituo vya afya nchini Kenya ulikikuta kikiwapa watu ugonjwa wasiokuwa nao, na wiki 6 za dawa kwa mtu asiye mgonjwa ni dhuluma. Ukiwa na shaka, sampuli ipelekwe hospitali. Na habari za ng'ombe walioharibu mimba zifikishe kwa afisa wa mifugo, maana maradhi hayo yanaanzia zizini. Na si homa tu zitakazokujia: aliyeumwa na nyoka asichanjwe wembe wala asifungwe kamba ya kukaza. Kiungo kitulizwe kisitikisike, saa ya kuumwa iandikwe, na gari litafutwe. Aliyetemewa sumu machoni na swila, mwoshe kwa maji mengi safi, palepale.

Kabla hujaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi ya mgonjwa, muulize swali moja ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha uuguzi: mifugo iko wapi? Jibu lake litakuonyesha kama tarehe yako ina maana. Katika ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, ng'ombe wakafa kandokando ya barabara, na wanaume wakahama na waliosalia kutafuta majani hadi nje ya kaunti. Mgonjwa wa kifua kikuu aliye katikati ya miezi yake 6 ya dawa akaondoka na mifugo, na katika rejista akaandikwa mtoro. Si mtoro. Mwulize mapema anaelekea wapi, mpe dawa za kumfikisha na kadi iliyojazwa vizuri, na upige simu katika kituo cha huko umkabidhi kwa jina. Maboma nayo hubaki na wanawake, wazee na watoto walioondokewa na maziwa. Hapo utepe wa kupimia mkono ndio wa kuandamana nao kila mahali, na mtoto mwenye mkono wa chini ya sentimita 11.5 ni mgonjwa mahututi hata kama anacheka.

Maji ni shida ya kila mwaka, na liko jambo la kujivunia ambalo wenyeji wengi hawalijui. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa hapa Kajiado kwa watoto 206 wa Kimaasai, ambao nusu yao waliweka maji yao ya kunywa katika chupa za plastiki angavu juu ya paa, juani, na kuhara kukapungua kwao. Ushahidi huo ulitoka kwenye mabati yetu ukaenda duniani; basi urudishe kwa wenyewe. Chupa iwe angavu, maji yachujwe kwanza kama yana tope, yakae saa 6 juani, na siku za mawingu, ambazo Kona Baridi haikosi, yakae siku mbili.

Hutayaweza haya peke yako. Mkunga wa jadi usimfukuze. Mkalishe chumba cha kujifungulia, amshike mama mkono, na umheshimu mbele ya watu, kwani yeye ndiye atakayeamua usiku wa manane kama mama aletwe au asubiri. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wajue kwa majina na nyumba zao, wala usiwaite kwa mikutano ya ripoti tu. Mama mkwe na mume waingize katika mazungumzo ya uzazi tangu mwezi wa tano, ili uchungu usije ukawakuta wakitafuta ruhusa kwa simu isiyo na mtandao.

Na liko moja utakaloletewa kwa siri, pengine na mtu unayemstahi, kwamba umkeketee binti yake kwa vifaa safi ili asiumie. Kataa waziwazi. Sheria ya mwaka 2011 inakataza, na idadi ya wanawake waliokeketwa nchini imeshuka kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi asilimia 15 mwaka 2022 kwa juhudi za watu wa jamii hizi hizi. Muuguzi anayeshika wembe huirudisha nyuma kazi yao na kuipa sura ya hospitali. Lakini mama aliyekeketwa zamani, anayekuja kuzaa akiwa na kovu, mpokee kwa sitara yote, usimfokee wala usimtolee mfano.

Rufaa huandaliwa siku ya amani. Namba za gari la wagonjwa la kaunti, za dereva mwenye probox asiyekataa usiku, za chumba cha kujifungulia cha Ngong na cha Kajiado, na kwa wale wa barabara ya Isinya cha Kitengela, ziandikwe ukutani kwa wino usiofutika. Piga simu kabla mgonjwa hajaondoka, useme na mtu atakayempokea, uliandike jina lake kwenye barua pamoja na saa, vipimo na kila dawa uliyotoa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ndiyo iliyochukua mahali pa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Matibabu ya msingi katika zahanati hulipiwa na mfuko wa serikali kwa aliyejiandikisha, lakini hospitalini huulizwa michango. Familia nyingi hugundua hayo mlangoni mwa wodi. Kwa hiyo kila mama mwenye mimba ajiandikishe kwa *147# mbele yako siku ya kwanza ya kliniki, na mumewe pia. Hata hivyo dharura ni dharura: kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, nawe unayo haki ya kukitaja kwa sauti ya heshima katika simu yoyote.

Kwa nafsi yako mwenyewe nitasema machache. Likizo yako ichukue. Tafuta mwenzako wa zahanati jirani mnayeweza kuulizana mambo ya kitabibu saa tatu za usiku pasipo haya, kwani upweke wa kuamua huchosha kuliko kazi. Mshahara ukichelewa au nyumba ikivuja, dai kwa maandishi na kupitia chama chako. Mgomo wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, uliwaumiza wagonjwa na wauguzi pia, na madai yaliyosikilizwa mapema yangeweza kuuzuia.

Ukija kuhamishwa, na utahamishwa, usimkabidhi atakayekufuata funguo na rejista peke yake. Kaa naye siku chache kama ofisi itakuruhusu. Mtembeze kwa mkunga, kwa chifu, kwa dereva wa probox. Mpe daftari la watoto waliokosa chanjo na orodha ya akina mama wanaotarajia mwezi huo, kila mmoja na boma lake, njia inayopitika mvua inaponyesha, na namba ya jirani mwenye simu. Wale wawili watatu unaowahofia zaidi, waliozaa kwa upasuaji au waliotokwa na damu mara iliyopita, nenda naye mpaka kwao, mkamkute mama ameketi, umwambie mbele yake: huyu ndiye utakayempigia.